Usimkanyage Shemeji

Nilifika Nachingwea nikiwa na kichwa kinachogonga na makalio yaliyokufa ganzi, na lawama zote nilimtupia dereva. Nilikuwa nimetoka Mpwapwa siku kumi na mbili kabla. Treni ilinifikisha Dar es Salaam, meli ikanitapisha hadi Lindi, na pale Lindi, kwa kuwa reli ilikuwa bado haijafika bara, niliambiwa nipande lori la posho, yaani lori lililobeba unga na maharage ya vibarua wa mashamba ya karanga. Vita ilikuwa imekwisha miaka michache nyuma, na mimi nilikuwa kijana mwenye elimu ya sekondari na barua ya kazi mfukoni: karani wa kugawa petroli. Nilijiona mtu anayengojewa.

Dereva alinitazama viatu, akaniambia nikae mbele. Kisha akaondoa lori. Jua lilipofika utosini, bado nilikuwa na hakika kwamba nikigeuka nyuma nitaiona Lindi.

Mbele ya Mtama mtu wa baiskeli, aliyefunga kuku wawili kwenye usukani, alitupita. Alitusalimu. Dereva akaitikia, akamuuliza habari za watoto, na yule bwana akaeleza hali za watoto wote watano, mmoja mmoja, kabla hajatuacha.

"Mzee," nikasema, "hili gari haliwezi kukimbia?"

"Linaweza."

"Basi tukanyage mafuta kidogo."

Akaonyesha kwa kidevu pale miguuni mwake. "Siwezi, bwana. Nitamkanyaga shemeji."

Niliinama. Chini ya pedali ya mafuta alichuchumaa mtu mdogo wa mpingo, mfupi, mnene, mikono yote miwili juu ya kichwa kama anayezuia dari lisimwangukie. Alikuwa amefungwa kwa waya kwenye sakafu ya lori. Dereva aliposhusha mguu, pedali ilishuka mpaka kwenye mikono ya yule mtu, ikakomea hapo.

Tulilala Nyangao. Nachingwea tuliiona kesho yake, alasiri.

Nilikaa kule miaka sita, na jina halisi la dereva yule sikupata kulitumia hata mara moja. Alikuwa dereva wa posho, basi. Reli ilipofika, lori lake lilihamishiwa njia ya Ruangwa, na tangu hapo nilimwona karibu kila siku, maana petroli yake ilipita mikononi mwangu. Madereva wengine walikuja dirishani kwangu kuniomba niongeze. Yeye alikuja kurudisha. Alishusha kijiti kirefu ndani ya tangi, akakitoa, akanionyesha alama ya mafuta iliyolowa, akasema, "Tazama, karani. Jana lilikunywa mpaka hapa. Leo hapa. Nalifundisha adabu."

Nilidhani ni mtu mpole. Kila mgeni alidhani hivyo, mpaka amwone akishuka kwenye lori.

Kwa miguu hakuna aliyemweza. Alitembea kama mtu aliyesikia nyumba yake inaungua. Ukiandamana naye kwenda sokoni, ulifika ukiwa umetokwa jasho, na yeye ameshanunua, ameshabishana, yuko njiani kurudi. Chai aliinywa ikichemka. Ugali aliumaliza wakati wewe bado unanawa mikono. Alizungumza Kiswahili kwa kasi hadi maneno yakapandana, kisha kikimwishia alimalizia kwa Kimwera, na asiyejua Kimwera alibaki ameshika kichwa cha habari bila mkia.

Mkewe, mama mmoja wa Kimakonde aliyependa kucheka huku amefunika mdomo kwa kanga, aliniambia siku moja niliyokula kwao: "Mnamwita Kobe huko kazini, eti? Mwangalieni basi mkono wake kwenye bakuli la mboga. Hapa nyumbani hatuna shemeji wa kumzuia."

Na ni kweli, yule wa mpingo alitoka upande wa mama huyo. Kaka yake alikuwa amevuka Ruvuma na patasi zake, akachonga kile kisanamu wiki ya harusi, akamkabidhi bwana harusi mbele ya watu. "Dada yangu nakupa," alisema, "lakini mguu wako naujua. Huyu ni mimi. Popote uendapo nitakuwa hapo chini nakutazama."

Watu walicheka. Dereva hakucheka. Alimfunga kwenye lori kesho yake.

Nilipomzoea nilimwuliza kwa nini hasa anajali petroli isiyo yake. Tulikuwa tumesimama njiani akigonga magurudumu kwa fimbo, maana aliamini gurudumu lenye upepo kidogo ni sawa na kutembea na viatu vya matope.

"Karani, wewe umesoma. Niambie, lori hili limebeba nini?"

"Magunia ya unga."

"Na nini tena?"

"Maharage."

"Na nini?"

Nikachungulia nyuma ya lori.

"Upepo," akasema. "Ukienda kwa kiasi, upepo unakupisha. Ukikimbia, unausukuma. Hakuna aliyeupakia, wala hakuna atakayeushusha, lakini unaubeba mpaka Ruangwa. Ndiyo maana turubai langu nalikaza. Turubai likipepea ni kama umempandisha mtu anayevuta kamba kurudi nyuma." Akagonga gurudumu la mwisho. "Halafu mashimo. Mwenzangu anakimbia mpaka shimoni, anakamata breki, anaanza upya kulihimiza. Kila akikamata breki anamwaga kikombe cha petroli. Kwa kuwa hakionekani kikimwagika, hana habari. Kingekuwa cha uji mngempiga."

"Kwa hiyo polepole ndiyo dawa."

Hapo nilikuwa nimemtukana. Alisimama wima, na kwa mara ya kwanza akasema taratibu, neno kwa neno.

"Si polepole. Ni kiasi. Shemeji alipokuja alikuwa mrefu kuliko hivi. Gari likatambaa katika gia ndogo, linanguruma, linakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Nikampunguza kidogo makalio kwa kisu. Nikaenda Lindi, nikapima kwa kijiti. Nikampunguza tena. Mwezi mzima! Mpaka siku moja nikiwa gia ya juu injini ikaacha kulalamika, ikaanza kuimba. Nikatia kisu alani. Mwendo mdogo mno unakula, mkubwa mno unakula. Katikati pana kiasi, na shemeji ndiye anayepajua."

Neno hilo lilimponza. Kule Mkotokuyana wanawake waliokuwa wakipanda lori na vikapu vyao walikuwa wakimwita Bwana Kiasi, na akianza kupanda mwinuko walipiga makofi kwa pamoja na kuimba, "Dereva shuka tukusukume!" Aliwapenda. Wenye kuku nao walimpenda, maana katika miaka yote hakukanyaga hata kifaranga. Kuku wa njia ya Ruangwa walimfahamu. Walilala barabarani mpaka bampa linawafunika kivuli, ndipo wakainuka, wakajinyoosha, wakampisha.

Si wote waliocheka kwa mapenzi. Vibarua wa kambi ya mbele, wenye njaa, walilitukana lori lake tangu lilipoanza kuonekana mpaka lilipofika, na muda huo ulitosha matusi ya kila kabila. Na mara moja alichelewa mazishi ya mjomba wake mwenyewe. Alikuta watu wameshanawa mikono ya kuzika, wanakula. Hakujitetea. Lakini jioni ileile alitembea kwa miguu hadi Kiegei kuwapa pole jamaa wa marehemu, akawahi kufika kuliko waliotangulia kwa baiskeli. Nilimwambia kwamba angelichukua lori kwa mwendo ule asingechelewa mazishi.

"Miguu yangu hainywi petroli," akajibu, na ukawa mwisho wa mazungumzo.

Aliyemvunjia heshima waziwazi ni dereva wa lori la pili, kijana aliyerudi kutoka vita ya Burma na miwani ya jua. Tulimwita Upepo. Lori lake lilikuwa pacha wa lile la mzee, yote mawili yamenunuliwa kutoka jeshini, na kijana alilipeleka kama bado anafukuzwa na Wajapani. Alifika Ruangwa kabla unga haujapoa kutoka kinuni, kama walivyosema watu. Alifika pia akiwa na manyoya ya kuku kwenye bampa. Wasichana walimpungia. Mimi nilimwandikia petroli karibu mara mbili ya mzee, naye alisema mafuta ni ya Mzungu, njia ni ya Mungu.

"Mzee," alimwambia siku moja mbele ya dirisha langu, "jana nimekupita nikienda na nikirudi. Ulikuwa umesimama au unatembea?"

"Nilikuwa nakusanya petroli unayomwaga, mwanangu. Nimeshapata pipa."

Basi karanga zikaanza kukataa. Sitaeleza sana, kila mtu wa kule anajua: trekta zilikuja kwa mamia, karanga zikaja kwa mikono, na kambi zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Kila wiki watu walisoma ukutani majina ya walioachishwa kazi. Ndipo Bwana wa gereji, Mzungu mrefu mwenye kaptula, akawaita madereva wawili wa posho, na mimi nikiwapo.

"Petroli nakwisha," akasema kwa Kiswahili chake. "Lori mbili, lakini dereva nabaki moja tu. Mimi natoa debe moja kwa wewe, debe moja kwa wewe. Nachingwea mpaka Ruangwa. Nani nafika, yeye nabaki. Nani nakwama, kwaheri."

Upepo alijaribu kutabasamu, ikashindikana. Alijua hesabu ya debe kuliko mtu yeyote, hata kama alijifanya hajui. Mzee alitoka pale akipiga mluzi. Kazi ilikuwa yake. Alikuwa na watoto wanne na shamba dogo la mihogo, na nje ya usukani hakuwa na ujuzi ambao mtu angemlipa. Lakini debe moja kufika Ruangwa, kwake yeye, lilikuwa kama kumwambia samaki avuke maji.

Na mimi, mpumbavu, nikataka kumwongezea utamu.

Nilichokifanya nakieleza kama kilivyo. Alasiri, malori yote mawili yaliposimama mbele ya stoo ili niyamwage matangi na kuyatilia debe moja moja, nilifungua waya, nikamtoa Shemeji kwenye lori la mzee, nikamfunga kwenye lori la Upepo. Nilijisemea kwamba mguu wa mzee umeshazoea, haumhitaji tena. Nilitaka kumwona Upepo akikanyaga na gari likikataa, kuku wakimtazama, wanawake wa njiani wakimwimbia. Nilitaka kila mtu acheke. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na sikuwahi kuwaza kwamba mzaha nao unaweza kunywa petroli.

Asubuhi Bwana wa gereji alitangulia Ruangwa na gari lake dogo. Aliniagiza nikae ndani ya lori la mzee niwe shahidi. Magunia yalikuwa sawasawa. Upepo akaondoka kwanza, na hata kabla hajapita gereji nilimwona akiinamisha kichwa na kukanyaga, akiinamisha na kukanyaga. Lori lilitoka kwa adabu ambayo halijawahi kuwa nayo. Nilijiuma mdomo nisicheke.

Kisha mzee akaweka mguu, na lori letu likaruka.

Akatazama chini. Akapapasa kwa kidole cha mguu, huku na huku, kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda.

"Shemeji ametoka," akasema.

Nilitazama dirishani kwa bidii.

"Tusimame tumtafute?" nikauliza hatimaye, kwa sauti ya mtu mwingine.

"Mzungu anangoja. Twende. Nitakwenda kwa kiasi."

Alijaribu. Ninashuhudia kwamba alijaribu. Maili ya kwanza aliushikilia mguu kama mtu anayeshika mbuzi kwa kamba. Jasho lilimtoka. Maili ya pili mguu ukateleza kidogo, akaurudisha. Ya tatu ukateleza, akachelewa kuurudisha. Halafu tulifika kwenye mnyoofu, barabara imekaa wazi, nyekundu, haina hata kuku, na nikamwona mzee yule akikunja midomo kama mtoto anayeonja sukari ya kuiba.

Sijawahi kupelekwa vile tangu siku hiyo. Turubai lilipasuka pembeni likaanza kupiga kelele. Magunia yaliimba. Mzee hakuwa anatazama pedali tena, wala alama, wala kijiti. Alikuwa anacheka bila sauti, na machozi ya upepo yanamtiririka masikioni. Ule ulikuwa mguu uleule uliotembea Kiegei, uliomaliza ugali, uliopandisha maneno juu ya maneno. Nilielewa hapo, nimeshikilia mlango kwa mikono miwili, kwamba sikuwa nimemjua kamwe. Tulidhani Shemeji ni kumbukumbu tu. Kumbe alikuwa lango, na nyuma yake kulikuwa na ng'ombe dume.

Tulimpita Upepo kabla ya nusu ya njia. Kijana alikuwa ameshika usukani kama anaendesha jeneza. Alipotuona tunampita, miwani ilimdondoka puani.

"Amenifunga gari!" nilimsikia akipiga kelele. "Mzee amenifunga gari!"

Tulikwama kwenye bonde la mwisho, mahali ambapo ukisimama juu ya boneti ya lori unaona mabati ya Ruangwa yanametameta. Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Mzee alishuka, akachovya kijiti kwenye tangi kwa heshima, akakitoa kikavu. Akakaa kwenye ngazi ya lori. Mara tatu nilifungua mdomo kuungama. Mara tatu niliufunga.

Lori la Upepo lilifika baada ya muda mrefu, linaimba, kwa kiasi kizuri kabisa. Likapita karibu yetu taratibu kiasi kwamba kijana alipata nafasi ya kutoa kichwa nje.

"Shikamoo mzee. Nikusukume?"

"Marahaba," mzee akasema. "Hapana, mwanangu. Utamaliza petroli yako."

Upepo alifika Ruangwa, na tangini mwake ikabaki ya kutosha kulowesha kijiti. Bwana wa gereji alimpa mkono. Mzee na mimi tulifuata kwa miguu, nami nikawapo Upepo alipoinama ndani ya lori kuchukua miwani yake. Alikawia kule chini. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika, akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Hakumtoa Shemeji, siku ile wala siku nyingine. Alikuwa ameshaelewa ni nani aliyempa kazi.

Mzee alifanywa tarishi. Akapewa mkoba wa ngozi wa barua, apeleke kambi zilizobaki na ofisi za Ruangwa. Walitaka kumpa baiskeli, akaikataa. Ujira ulikuwa mdogo. Mkewe akaanza kupika maandazi ya kuuza, na kila nilipoyanunua nilinunua mengi kuliko tumbo langu. Mzee alipopita dirishani kwangu alinisalimu kama zamani, ila hakuwa tena na kijiti cha kunionyesha, na mkono wake wa kulia haukujua pa kukaa. Hilo nililiona kila siku kwa zaidi ya mwaka, na kila siku nilisema nitamwambia kesho.

Hatimaye kesho zikaisha. Mimi ni mtu ambaye miguu inamwasha, na Nachingwea yenyewe ilikuwa inakunjwa kama hema. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikafunga sanduku langu. Mzee hakuwapo kwake nilipokwenda kumuaga. Mkewe alisema ametoka na barua alfajiri, njia ya Ruangwa na mbele zaidi.

Nikaondoka na Upepo, aliyekuwa akipeleka ufuta Lindi kupitia Ruangwa. Meli yangu ilikuwa inangoja, au haingoji, na baada ya Ruangwa nikaanza kutapatapa.

"Bwana, kanyaga mafuta. Nitachelewa meli."

Upepo alionyesha chini kwa kidevu. Nilikuwa nimeshakiona kidevu kile mahali. "Siwezi, karani. Nitamkanyaga shemeji."

"Shemeji wa nani? Wako?"

"Sasa wangu," akasema, na masikio yakamwiva kwa aibu.

Mwinuko ulianza, lori likashuka gia, likashuka tena. Mbele yetu, katikati ya barabara, mtu alikuwa anapanda kilima kwa mwendo wa anayewahi moto, mkoba wa ngozi ukimpiga kiunoni. Aliposikia injini hakugeuka. Aliitegea sikio tu, kwanza. Kisha akageuka, akalitambua lori lake, akanitambua mimi dirishani na sanduku langu, akakaza mkoba begani, akaanza kukimbia.

Tulimfikia. Akawa sambamba na mlango wangu, anakimbia, anatabasamu, mvi zimejaa vumbi.

"Unakwenda moja kwa moja, karani?"

"Moja kwa moja, mzee!" Nikatoa kichwa chote nje. "Mzee, ni mimi! Ni mimi niliyemtoa Shemeji siku ile!"

"Najua!"

"Unajua?"

"Nani mwingine angeweza kufunga waya vibaya vile?" Alihema, akacheka, akaruka shimo bila kupunguza. "Niliuona siku ileile miguuni pa huyu bwana. We karani! Nisingekusamehe. Kazi ile nilikuwa naipenda." Akakimbia hatua kadhaa. "Lakini ule mnyoofu... Uliuona ule mnyoofu?"

"Niliuona."

"Miaka yote ile nilikuwa naupita kwa kiasi!"

Upepo, kando yangu, alikuwa ameinamisha kichwa na kukanyaga. Nilimwona akikanyaga tena, kwa nguvu zake zote. Pedali ilishuka mpaka kwenye mikono miwili ya mpingo, ikakomea hapo. Lori lilinguruma, likaimba, halikuongeza hata hatua moja, na yule mzee akaanza kutuacha. Mgongo wake ukapita bampa, ukapita kivuli cha bampa. Alifika juu ya kilima kabla yetu kwa umbali wa kutosha kukaa chini, kuvua kiatu na kumwaga mchanga.

Tulipompita alikuwa anakivaa.

"Msalimuni shemeji," akasema, akashika njia yake.